Laini Unahama Nayo, Barua Pepe Je?

Tangu Machi 1, 2017, Mtanzania aliyechoshwa na kampuni yake ya simu anaruhusiwa kuondoka na namba yake. Anakwenda kwa wakala wa kampuni anayoitaka akiwa na kitambulisho, anatuma neno HAMA kwenda 15080, anapewa kadi mpya, na namba waliyoizoea mama yake, wateja wake na wakwe zake inabaki ileile. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ndiyo iliyosimamia utaratibu huo, na kampuni zote za simu zikatakiwa kuufuata.

Barua pepe haina HAMA. Ukitumia anwani uliyopewa na kampuni inayokuuzia intaneti, siku unapoacha kulipia, anwani inabaki kwa kampuni. Barua zilizokuwa njiani zinarudi kwa waliozituma, au zinaangukia kwenye kisanduku ambacho huna tena ruhusa ya kukifungua. Hakuna ofisi ya serikali utakayokwenda kudai anwani hiyo, kwa kuwa kisheria haikuwahi kuwa yako. Jambo hili linajulikana mijini kwa wenye biashara, lakini linawagusa pia wakazi wa kata kama Sapiwi, wilayani Bariadi, kwa mlango mwingine ambao wengi hawauoni mpaka umeshafungwa.

Tuanze na namba. Namba za simu za nchi ni rasilimali ya taifa. Kampuni hukabidhiwa mafungu ya namba na mdhibiti, nazo huyagawa kwa wateja. Wenye umri wa kukumbuka wanajua kwamba katika miaka ya 2000 namba za 0744 ziligeuzwa kuwa 0754, za 0741 zikawa 0713, na za 0748 zikawa 0784, nchi nzima kwa mkupuo. Kampuni moja iliitwa Celtel, ikawa Zain mwaka 2008, ikawa Airtel mwaka 2010, na aliyekuwa na 0784 amebaki na 0784. Tigo nayo ilibadili jina ikawa Yas Novemba 2024, na 0713 za watu hazikuguswa. Kwa kuwa namba ziko chini ya dola, dola inaweza kuziamuru kampuni ziwe na kanzidata moja inayoonyesha kila namba iliyohama iko wapi leo. Kampuni zenyewe zinahesabika kwa vidole, na zote zimesajiliwa nchini.

Anwani ya barua pepe isome kuanzia kulia. Kilicho upande wa kulia wa alama ya @ ni jina la mtandao, ambalo lina mwenyewe aliyelisajili na anayelilipia. Mtu akikuandikia kutoka Muscat au Mwanza, seva yake haikutafuti wewe. Inauliza kwenye mfumo wa majina wa intaneti: barua za jina hili la kulia hupokelewa na seva ipi? Jibu la swali hilo huandikwa na mwenye jina, hakuna mwingine mwenye ruhusa ya kuliandika. Barua ikishafika kwenye seva hiyo ndipo upande wa kushoto, wenye jina lako, unapopata maana. Nje ya seva hiyo jina lako halijulikani na mtu yeyote, na mwenye jina sawa na lako kwenye seva nyingine ni mtu tofauti kabisa.

Kwa hiyo kuhama na anwani kunahitaji mojawapo ya mambo mawili: mwenye jina la kulia akubali kukupitishia barua zako maisha yote bila ujira, au jina la kulia liwe lako. Majina ya mtandao yako mamilioni, yamesajiliwa katika nchi mbalimbali, na hakuna TCRA ya dunia inayoweza kuyaamuru yote. Waliosoma shule zetu enzi za barua za karatasi wanalielewa jambo hili bila kufundishwa: barua yako ilikuja kwa S.L.P. ya shule au ya parokia, na ulipomaliza darasa la saba, sanduku lilibaki kwa mwenye ufunguo.

Tanzania imeshalipitia somo hili mara moja, kwa hasara. Kuanzia miaka ya 1990, intaneti ya Dar es Salaam, Arusha na Zanzibar iliuzwa na kampuni zilizokuwa zikimpa kila mteja anwani pamoja na huduma. Enzi hizo uliunganishwa kwa waya wa simu ya mezani, ukavuta barua zako, ukakata ili gharama isipande. Anwani zenye @africaonline.co.tz, @raha.com, @cats-net.com na @zanlink.com zilichapishwa kwenye kadi za biashara, vipeperushi vya hoteli, milango ya magari ya watalii na vichwa vya barua za mashirika. Africa Online ilianzishwa mwaka 1994 na Wakenya watatu waliokuwa Marekani, ikanunuliwa na Telkom ya Afrika Kusini mwaka 2007, kisha ikauzwa tena, na jina likapotea sokoni. Raha ilichukuliwa na Liquid Telecom. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulipoanza kazi Dar es Salaam, bei na kasi zilibadilika, wateja wakahamia kwingine, na kila aliyehama alikuta kwamba anwani aliyoitumia miaka kumi imechapishwa mahali ambapo hawezi kwenda kuifuta. Wakala wa safari aliyeko Ulaya, mwenye kipeperushi cha miaka mitano nyuma kabatini, ataiandikia anwani ileile. Barua isipojibiwa hatauliza kulikoni, atamwandikia mwingine.

Mkoa wa Simiyu haukuyaona hayo. Ulitangazwa rasmi mwaka 2012, ukimegwa kutoka Shinyanga na sehemu ya Mwanza, wakati enzi ya anwani za kampuni za intaneti ilikuwa inaelekea ukingoni. Wakazi wengi wa Bariadi, Maswa, Itilima, Meatu na Busega waliingia mtandaoni kwa simu ya mkononi na bando, hawakuwahi kuwa na waya wala mkataba. Anwani yao ni ya Gmail, na mara nyingi ilifunguliwa kwa sababu simu mpya ilikataa kupakua programu bila akaunti. Ukiwauliza ilifunguliwa lini na nani, jibu ni fundi simu, au dada wa steshenari.

Hapo steshenari ndipo pa kutazama kwa makini. Kijana ametoka Sapiwi asubuhi kwenda Bariadi mjini kuomba mkopo wa elimu ya juu au kujisajili kwenye Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira. Mhudumu anafika kwenye sehemu inayodai barua pepe.

"Una email, mdogo wangu?"

"Sina, dada. Nifungulie tu."

Foleni ni ndefu na dada ana kazi. Anaandika majina mawili ya kijana na tarakimu nne ili anwani ikubali. Mfumo unadai namba ya simu ya kutumiwa uthibitisho. Simu ya kijana haina chaji, au ni kitochi kilichoachwa nyumbani kwa mama, kwa hiyo dada anaingiza namba yake mwenyewe. Neno la siri anaweka lile analowawekea wateja wote ili asisahau. Anaiandika anwani nyuma ya fomu, anachapa, anapokea hela yake, anamwita anayefuata. Hakuna aliyekusudia ubaya, na pengine bila dada huyo kijana asingeomba kabisa. Lakini tangu saa hiyo mwenye anwani ni yule ambaye simu yake hupokea namba ya uthibitisho. Miezi minane baadaye ujumbe wa kuitwa kwenye usaili unatumwa. Kijana amesahau neno la siri, mfumo unatuma tarakimu sita kwenye simu ya dada, na dada huyo ameshaolewa Kahama na laini ameitupa.

Naamini hapa ndipo uzito wa suala lote ulipo kwa watu wetu. Huko kwenye waya na mkataba, kinachomfunga mtu ni jina lililo kulia kwa @. Kwetu kinachomfunga ni laini ya simu iliyofungiwa nyuma ya anwani. Na laini tunazibadilisha kuliko tunavyobadilisha viatu vya shule.

Sababu zipo na ni za msingi. Vijijini mnara ndio unaochagua mtandao kwa niaba ya mteja. Mei 2023 serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ilitia saini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika kata 713. Mnara mpya ukiwashwa karibu na kitongoji chako, na kampuni yake ikawa na mawimbi kuliko ile uliyokuwa ukipanda kichuguu kuitafuta, utanunua laini yake. Wengi hawatumi HAMA. Wananunua laini ya pili, kwa kuwa simu inabeba laini mbili, na kwa kuwa pesa iliyomo kwenye akaunti ya simu haihami pamoja na namba. Mteja anapaswa kuitoa kwanza. Ndiyo maana waliohama na namba tangu 2017 ni wachache sana ukilinganisha na mamilioni ya laini zilizopo. Kenya ilianza utaratibu huo mapema zaidi, Aprili 2011, na huko pia wengi walibaki walipokuwa au wakaongeza laini. Sheria iliwapa watu haki nzuri, maisha yakawaonyesha njia ya mkato.

Gharama ya njia ya mkato huja baadaye. Laini isiyotumika kwa miezi kadhaa hufungwa, na namba yake inaweza kupewa mteja mpya. Mteja huyo mpya, bila kujua na bila kosa, ndiye atakayepokea tarakimu za uthibitisho za barua pepe yako, na pengine za akaunti yako ya benki. Kuna walioumia pia wakati wa usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza Mei 1, 2019 na kufikia ukomo Januari 20, 2020 baada ya muda kuongezwa. Asiyekuwa na namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA, alisajiliwa laini kwa jina la kaka, mjomba au jirani. Laini hiyo ikipotea, mwenye jina hilo ndiye anayetakiwa kwenda dukani na kidole chake kuirudisha. Kama amehamia machimboni Geita, namba imekwenda, na anwani iliyoegemea namba hiyo imekwenda nayo. Kupiga *106# kunakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Wachache wanaipiga kutafuta laini ambayo inapaswa kuwepo na haipo, na hilo nalo ni la muhimu.

Kuna anayesema Gmail na Yahoo zimeshamaliza tatizo, kwa sababu hazijali unanunua bando la nani. Ni kweli kwa sehemu kubwa, na kwa mtu mmoja mmoja ndizo ninazozipendekeza. Hata hivyo, hizo nazo zina mwenyewe na zina masharti. Google ilitangaza kwamba kuanzia Desemba 2023 akaunti isiyotumiwa kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na kila kilichomo. Yahoo hufuta kisanduku kisichofunguliwa kwa miezi 12, na mwaka 2013 ilitangaza kugawa upya majina yaliyokuwa yamelala. Mkulima aliyefunguliwa anwani ili ajisajili kwenye mfumo fulani, akarudi kwenye pamba yake, anaweza kumaliza misimu miwili bila kuigusa. Kwa vigezo vya kampuni iliyoko California, mtu huyo ametoweka.

Anwani za vyuo na za kazini zina kasoro ileile ya jina la kulia. Kijana anapata anwani ya chuo akiwa mwaka wa kwanza, anaitumia kuombea ufadhili na kufungulia akaunti za kila aina, na baada ya kuhitimu chuo kinaweza kuifunga siku yoyote. Mtumishi wa halmashauri ana anwani inayoishia na go.tz, na ni sawa kabisa aitumie kwa kazi za umma; serikali imejenga mfumo wake wa barua pepe chini ya Mamlaka ya Serikali Mtandao, eGA, ili nyaraka za ofisi zisizagae kwenye visanduku vya watu binafsi. Kosa ni kuichukua anwani hiyo kwa mambo yako, kama akaunti ya benki au maombi ya shule ya mtoto, halafu ukastaafu. Mwenye kisanduku ni ofisi.

Kwa vikundi, ushauri wangu ni tofauti. Chama cha msingi cha wakulima, AMCOS, shule, zahanati ya dhehebu au kikundi cha vijana kinachotafuta zabuni kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma ulioanza kutumika mwaka 2023, hakina sababu ya kuishi kwenye Gmail ya katibu. Katibu akishindwa uchaguzi, anaondoka na anwani, na ndani yake miaka ya mawasiliano na benki, wanunuzi na halmashauri. Kikundi kisajili jina lake chini ya .tz, kwa wasajili walioidhinishwa: co.tz kwa biashara, or.tz kwa asasi, sc.tz kwa shule. Ada hulipwa kwa mwaka. Ukishakuwa na jina lako, kampuni inayokuhifadhia barua unaweza kuibadilisha hata kila mwaka. Unachofanya ni kurekebisha lile jibu la "barua hupokelewa na seva ipi", na anwani zinabaki zilivyo. Hii ndiyo HAMA ya kweli ya barua pepe, na haihitaji kibali cha mdhibiti.

Mambo mawili huiharibu. La kwanza ni kumwachia fundi wa tovuti asajili jina kwa jina lake na kwa anwani yake. Siku mkikosana, au akipata kazi Dodoma, kikundi kinajikuta kinaomba mali yake kwa mtu asiyepokea simu. Usajili uwe kwa jina la taasisi, na taarifa za kuingilia zikae kwenye faili la ofisi kama zinavyokaa hati za kiwanja. La pili ni kusahau kulipa. Jina likiisha muda na kipindi cha nyongeza kikapita, mtu yeyote anaweza kulisajili, na kuanzia siku hiyo barua zenu zinaingia kwake. Mweka hazina aiandike ada hiyo kwenye bajeti ya kila mwaka bila kujadiliwa upya.

Je, sheria iingilie? Huko Ufaransa kampuni ya intaneti inatakiwa kumwachia mteja aliyeondoka nafasi ya kuendelea kufungua kisanduku chake kwa miezi 6 bila malipo. Sheria ya mawasiliano ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2018 imezipa nchi wanachama nguvu ya kudai kitu cha namna hiyo: ama barua zipitishwe kwenda anwani mpya, ama mteja abaki na njia ya kuzifikia kwa muda. Sharti kama hilo lingeweza kuandikwa kwenye leseni za Tanzania, na ningeliunga mkono, kwa sababu bado zipo ofisi na hoteli zinazotumia anwani za watoa huduma wao. Ila kwa Sapiwi lingebadilisha mambo machache tu.

Kinachohitajika zaidi kiko mikononi mwa mifumo ya umma yenyewe. Ajira Portal na mfumo wa BRELA wa kusajili biashara humjua mwombaji kwa namba ya NIDA, na NIDA ina alama za vidole vyake. Mtu mwenye utambulisho huo hapaswi kufungiwa nje kwa sababu ya anwani iliyofunguliwa kaunta ya steshenari. Ingetosha afike ofisi ya halmashauri au hata kwa wakala wa laini mwenye kifaa cha kusoma kidole, athibitishwe, abadilishiwe barua pepe na namba ya simu papo hapo. Kifaa kipo hadi vijijini, kwa sababu ndicho kinachosajilia laini. Serikali iliyoweza kuwataka Watanzania wote wathibitishe laini zao kwa kidole inaweza pia kuwaruhusu wadai akaunti zao kwa kidole hichohicho.

Mpaka hilo lifanyike, anayehama, awe anahama kampuni ya intaneti au anatupa laini, afanye kazi kabla ya kuondoka. Afungue anwani mpya akiwa bado anaweza kuingia kwenye ya zamani. Aweke ya zamani ipitishe barua kwenda mpya, na kama kampuni inaruhusu, aweke na jibu la kujituma lenye kutaja anwani mpya. Ahamishe barua za zamani anazozihitaji: vyeti, mikataba, risiti. Kisha abadilishe anwani kila ilikosajiliwa, akianzia kwenye zile zinazotuma tarakimu za uthibitisho, yaani benki, akaunti ya simu yenyewe na mifumo ya serikali, kabla ya kufika kwenye mitandao ya kijamii. Kwenye anwani mpya aweke namba ya laini iliyosajiliwa kwa kidole chake mwenyewe, aongeze na anwani ya pili ya kujiokolea, ya mtu wa nyumbani anayemwamini. Zile namba za akiba ambazo Google hutoa kwa ajili ya siku simu imepotea azinakili kwa kalamu na kuziweka pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Laini ya zamani asiitupe siku hiyohiyo. Aiwekee vocha kidogo na kupiga nayo simu mara kwa mara ili isifungwe, na anwani ya zamani aifungue angalau kila mwezi kwa mwaka mzima. Muda huo si wa kubahatisha: mambo ya bodi ya mikopo, udahili wa vyuo, leseni za biashara na mikutano mikuu ya vyama vya ushirika huja mara moja tu kwa mwaka, na taasisi ambayo hukuikumbuka kwenye orodha yako utaijua siku itakapokuandikia.